Hodi ya Tatu

Asubuhi ya maandamano Nyamizi alifika kwa mama yake akiwa na mtoto mgongoni na kitambaa cheupe mkononi. Kalunde alipokiona kile kitambaa hakuwa na haja ya kuuliza binti anakwenda wapi. Jiji zima la Isenga lilijua. Wiki nzima watu walikuwa wakichana mashuka yao na kutengeneza vitambaa vya kufunga mdomo. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa tena, na safari hii waandamanaji walikuwa wameapa kwamba hawataimba, hawatapiga kelele, hawatatamka hata neno moja mpaka Baraza litaje tarehe. Kwenye mabango yao waliandika: Tumesema mpaka basi, sasa tunanyamaza.

Kalunde hakupendezwa hata kidogo. Yeye alikuwa mshika mlango wa Mnara wa Umande, mtumishi wa Baraza hilohilo, na nyumba waliyosimama mbele yake ilikuwa nyumba ya kazi. Alimwambia binti yake kwamba mwanamke anayenyonyesha ana mambo yake ya kufanya, kwamba bunduki haijui nani mzazi na nani mhuni, kwamba hao wanaojiita viongozi wa maandamano wataonekana siku ya kwanza tu. Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyolelewa, kisha akafungua mbeleko na kumkabidhi mtoto. Kabula alikuwa wa miezi mitano, mnene, mwenye hasira za karibu. Chupa hakutaka hata kuiona.

"Ameshiba," Nyamizi alisema. "Akilia mbembeleze tu, chupa ataitema. Maziwa yakinijaa nitakuja mwenyewe, maana hayo hayangoji maandamano."

Akacheka, akambusu mtoto kisogoni, akajifunga kitambaa mdomoni palepale uani ili mama yake asipate tena wa kubishana naye. Alikuwa mjeuri kwa namna hiyo tangu utotoni. Kalunde alimfunga mjukuu mgongoni, akachukua funguo zake, akaenda kazini.

* * *

Mtu asiyeijua Isenga atauliza mnara una nini hata watu wauendee kwa kilio chao. Aulize tu, si kosa. Mnara ule ulijengwa na wananchi wenyewe baada ya ukame mkubwa, kila mtaa ukitoa mawe na mikono. Juu kuna nyavu za kunasa ukungu wa alfajiri, na maji yake hushuka usiku na mchana mpaka kwenye birika la mawe lililo katikati ya ukumbi wa chini. Maharusi hupigwa picha pale. Mwenye mgonjwa huchota kikombe akampelekee. Kwa hiyo watu walipotaka kunyamaza pamoja, hawakujiuliza waende kunyamazia wapi.

Kalunde alipofika walikuwa wameshajaa ukumbini, mia mbili na zaidi, wamekaa sakafuni kulizunguka birika. Ndani hapakusikika kitu ila maji. Nje palikuwa na askari, malori kadhaa, na kamanda wao alikuwa akimngoja mlangoni.

Afande Mwombeki hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Kalunde miaka yote iliyofuata. Kama angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimsalimia kwa adabu, akamuulizia hata huyo mtoto mgongoni. Kisha akamweleza shida yake. Baraza limeamuru mnara uwe mtupu au uwe umefungwa kabla ya alasiri, na hao waliomo hawataki kutoka.

"Mama, tazama vijana wangu wale," alisema. "Hawajalala tangu juzi, na wamepewa risasi za kweli. Nikiamriwa kuwaingiza humo ndani, nitawaingiza. Sitaki. Ukiufunga wewe kwa tuli, hakuna atakayeguswa. Siku tatu tu, mambo yapoe, tunafungua, wanatoka bila hata kiu."

Kalunde alijua vizuri anachoambiwa, maana mtambo wa tuli ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mtambo huo haukubuniwa kwa ubaya. Wa kwanza ulikuwa sanduku la kubebwa na mtu mmoja, la kupelekea damu na chanjo kwenye zahanati za mbali. Kitu ulichokiweka ndani ulikikuta kama ulivyokiacha. Nyama haikuoza, barafu haikuyeyuka, na saa ya mkononi iliyofungiwa mwezi mzima ilitoka ikionyesha dakika ileile iliyoingia nayo. Wakati haukusimama kabisa, wahandisi waliwaeleza wenye subira ya kusikiliza, ila ulikwenda polepole mno, hata pumzi moja ya ndani ikachukua muda wote ambao sanduku lilikuwa limewashwa. Umeme mwingi ulitumika kuwasha na kuzima tu. Katikati hapo mtambo uliishi kwa umeme mdogo kuliko wa taa ya ukumbini. Basi mtu mmoja, wa kwao sijui wapi, akapata wazo la kutengeneza mkubwa. Baada ya hapo mahali pa thamani palifungwa kwa tuli kila penye vurugu: hakuna wa kupavunja, hakuna wa kupachoma moto, hakuna wa kupapanda juu kutundika bendera.

Waliotunga kanuni walibaki na swali moja, kwamba itakuwaje kukiwa na mtu ndani. Vifaa vya kupima joto vilidanganywa na pampu za maji. Kamera zilipofushwa na ukungu. Wajumbe walikaa wakazozana mpaka mmoja wao, mama wa soko la nafaka, akawauliza kwani wao wanajuaje nyumba ya mtu ina watu au haina. Si unabisha hodi? Ukibisha mara tatu usiitikiwe, si unaondoka? Wajumbe wakacheka, kisha wakapiga kura, ikawa sheria. Mshika mlango atasimama kwenye kizingiti, atabisha hodi tatu, na sikio la mtambo lililowekwa juu ya mlango litasikiliza. Sauti ya mtu ikiitikia, mtambo utagoma kujifunga. Sikio hilo lilifundishwa kupuuza njiwa, matone, hata kikohozi, lisije likakataa kufunga kwa upuuzi. Lilingoja neno.

Na wajumbe hawakuwa wajinga. Nani aliyewahi kumwona mtu wa Isenga akiiacha hodi ipite? Mgonjwa huitikia. Aliye msalani huitikia. Mke na mume wanaotupiana sahani husimama kwanza, wakasema karibu kwa sauti ya asali, mgeni akishaondoka wakaendelea walipoishia. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja watu mia mbili wangekula kiapo cha kunyamaza.

"Kanuni inasema pasiwe na mtu," Kalunde alimwambia kamanda.

"Kanuni inasema hodi isiitikiwe," Mwombeki alijibu taratibu.

Kalunde aliomba aseme nao kwanza, akaruhusiwa. Alisimama mlangoni akawasihi kama mama anavyosihi. Aliwaambia nje kuna risasi. Aliwaambia waondoke leo warudi kesho, birika halina miguu. Waliomsikia walitikisa vichwa, wengine kwa upole, kwa kuwa walimjua wote. Hawakuwa na hofu ya tuli. Kila mtoto wa shule alijua tuli haiwafungi watu, na kwamba baada ya hodi mshika mlango hutamka kwa kinywa chake kama ndani mna mtu au hamna. Mshika mlango alikuwa Kalunde. Wangemwogopea nini?

Nyamizi alikuwa amekaa upande wa kulia wa birika, mgongo umenyooka. Aliona mtoto wake amelala mgongoni mwa bibi yake, macho yakamlainika juu ya kitambaa. Alijigusa kifua, akaonyesha jua kwa kidole, yaani bado kidogo nitakuja.

Kalunde alirudi nje, na askari walikuwa wameshashuka kwenye malori na kujipanga. Kijana wa mbele kabisa kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio cha bunduki, si pale kinapopaswa kuwa mtu akingoja amri. Kalunde akaona picha mbili kichwani kwa mara moja. Kwenye moja Nyamizi yuko chini sakafuni na maji ya birika yamebadilika rangi. Kwenye nyingine Nyamizi yuko mzima, amekaa, hajui kitu, na baada ya siku tatu anatoka na kumgombeza mama yake mpaka sauti imkauke. Mtoto atalia siku tatu. Mtoto halii akafa. Ni mama gani angesimama pale akachagua picha ile ya kwanza? Mimi simjui.

Akaenda kizingitini, akaweka ufunguo wake, taa ya sikio ikawaka.

"Hodi," alisema, na sauti yake ikazunguka ukumbi mzima.

Mzee mmoja wa mbele, mdomo ulimcheza chini ya kitambaa, na jirani yake akamwekea mkono gotini. Hakuna aliyeitikia.

"Hodi."

Safari hii ukumbi ulitikisika. Mabega yalipanda, watu waliuma meno, mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa mikono miwili juu ya kitambaa. Ilikuwa kama kuzuia chafya. Nyamizi alifumba macho. Kalunde aliona wazi kwamba hodi ya tatu ikitoka na nguvu ileile, kuna mmoja itamshinda. Mmoja ataitikia, mtambo utagoma, na Afande Mwombeki atageuka kuwatazama vijana wake.

Basi akaishusha sauti. Hodi ya tatu aliisema kwa chini, kama mtu anayepita tu. Baadaye alijiambia kwamba alichelea kumwamsha mtoto.

Kisha akasema, kama sheria inavyotaka, "Hamna mtu."

Nyamizi akafumbua macho. Mlangoni pakajaa kijivu, kama jivu lililosimama wima, na sauti ya maji ikakatika. Hapo ndipo Kabula alipoamka na kuanza kulia.

* * *

Alilia siku ile na usiku wake. Chupa aliitema, kijiko alikitema, kidole chenye maziwa alikiuma kwa fizi. Siku ya pili njaa ilimshinda akanywa, huku akimtazama bibi yake kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa. Siku ya tatu Kalunde alifua nguo za Nyamizi, akasafisha nyumba, akachemsha maharage ayapendayo binti yake na kuyaunga kwa karanga. Matusi atakayotukanwa alikuwa ameshayapokea moyoni. Asubuhi iliyofuata alibeba mtoto akaenda mnarani kungoja.

Aliukuta umezungushiwa uzio, na kwenye uzio pametundikwa bango jipya: MNARA UMEFUNGWA KWA MUDA KWA SABABU ZA USALAMA. Askari waliokuwapo hakuwajua. Alipomuulizia Afande Mwombeki akaambiwa amehamishwa, tena mbali.

Mshika mlango wa tuli ana ufunguo wa kufunga tu. Kufungua ni kazi ya Baraza. Kwa hiyo Kalunde akaenda kwa Katibu wa Baraza, Bwana Kisesa, mtu mnadhifu mwenye maneno ya taratibu. Alipokewa vizuri mno. Aliletewa chai, mtoto akapewa biskuti asiyoweza kuila. Kalunde akaeleza habari yote bila kuficha, akimaliza kwa kuomba mnara ufunguliwe kama walivyoahidiwa. Bwana Kisesa akauliza walioahidiwa ni akina nani. Kisha akabonyeza kitu mezani, na Kalunde akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ukutani. Hodi. Hodi. Ya tatu ilikuwa ndogo mno, hata Katibu aliinamisha kichwa ili aisikie. Hamna mtu.

"Sasa, Bi Kalunde, nifungue kwa ajili ya nani?"

Akasema mwanawe yumo humo. Wamo watu mia mbili na zaidi, jiji zima linajua.

"Jiji linajua mengi. Mimi ninalo neno lako." Alikunywa chai yake. "Ukitaka kulifuta, ni haki yako, nitakusaidia hata kuandika. Utakuwa umekiri kwamba ulidanganya kwenye kizingiti. Hilo ni kosa la kifungo kirefu, na mlango hautafunguka kwa sababu ya kukiri kwako. Utafunguka hali ya usalama itakaporuhusu. Huyo mjukuu atalelewa na nani?"

Kalunde hakuwa na wa kumtaja. Baba wa mtoto alikuwa ameondoka kabla ya arobaini. Ndugu wa karibu walikuwa makaburini tangu ukame. Alimtazama Kabula, ambaye alikuwa ameshika biskuti kwa mikono miwili na kuipiga kwenye meza.

Katibu akaongeza, na kwa hili alionekana kusadiki kabisa anachosema, kwamba asijitese. Walioko ndani, kama wamo, hawana njaa, hawana kiu, hawaumwi, hawazeeki. Kwao haijapita hata pumzi. Hawajui kama wanangojwa. Wamedhuriwa nini?

Angejibu nini? Jibu alikuwa nalo mapajani, miezi mitano na siku kadhaa. Aliinuka akaaga, tena akashukuru kwa chai. Kwa neno lile la shukrani alijichukia mpaka uzee.

* * *

Mwaka ukaisha. Uchaguzi ulifanyika, naam, na ulifanyika kwa amani kubwa, kwa kuwa wale ambao wangesimama kushindana walikuwa wamekaa kulizunguka birika. Baraza likapongezwa. Miji mingine ikaja kujifunza Isenga imewezaje. Ikasikika kwamba mahali fulani tuli imefunga ukumbi wa chuo, pengine stesheni ya treni, na kila mara hodi zilibishwa tatu na kila mara hakuna aliyeitikia, ingawa huko hakuna aliyekuwa amekula kiapo. Kanuni ilikuwa imerekebishwa. Siku hizi sikio lilikubali hodi iliyobishwa kwa chini, na kwa haraka, na hata kutoka ng'ambo ya barabara. Kisa cha Isenga ndicho kilichowafundisha.

Watu nao wakajifunza yao. Akina mama walianza kuwafundisha watoto kupayuka wakiingia jengo lolote kubwa. Ukienda hospitali, ukienda benki, ukienda kanisani au msikitini, ulisikia vitoto vikipiga kelele mlangoni, "Tupo! Tupo!" Wageni waliona ni kichekesho. Wenyeji hawakucheka, na baada ya muda waliacha tu kwenda panapojaa watu.

Kalunde aliachishwa kazi kwa heshima na kupewa cheti. Nyumba ile ya kazi, iliyotazamana na mnara, wakamwachia, kwa hiyo kila asubuhi akifungua dirisha alikutana na kijivu. Mwaka wa tatu bango lilififia, akaja fundi na ngazi kulipaka rangi upya, kwa maneno yaleyale.

Wenye watu wao ndani walikuja kwenye uzio, mwanzo wengi, kisha wachache. Mama Tungaraza, ambaye mume wake alikuwa fundi cherehani, hakukosa Ijumaa hata moja. Hakumsalimia Kalunde miaka miwili mizima. Siku aliyomsemesha alisema bila hasira, akiwa ameshika nyaya za uzio.

"Mume wangu ana kigugumizi. Neno karibu humchukua muda. Kabla hajaapa kunyamaza, mara ngapi watu wamebisha kwetu wakaondoka naye bado anaanza." Akamgeukia. "Wewe ulimngoja?"

Hakungoja jibu; aliziachia nyaya akaenda zake.

Mtoto akakua. Jamani, mtoto hangoji hali ya usalama. Alikaa, akatambaa, akasimama kwa kushika ukuta. Neno la kwanza kulitamka lilikuwa mama, na alilitamka akimtazama Kalunde. Kalunde akamrekebisha: bibi, sema bibi. Kabula akasema mama. Wakashindana hivyo majuma mengi, na mshindi akawa mdogo, kwa sababu mkubwa alichoka, na tukisema kweli tupu, kwa sababu lilimpoza. Alijiambia atamweleza akianza kusema vizuri. Kisha akianza shule. Mtoto alipouliza kile kijivu ni nini, alimwambia ni mnara unatengenezwa. Naye akaahirisha, na kuahirisha tena, kama Baraza lilivyoahirisha uchaguzi wake.

Usidhani hakumkumbuka Nyamizi. Nguo zake alizifua kila baada ya masika na kuzianika juani, zisishike ukungu. Maharage hakuyapika tena.

* * *

Kabula alikuwa ameng'oka meno ya mbele ilipotangazwa redioni kwamba Mnara wa Umande utafunguliwa kwa wananchi. Sababu haikutajwa. Kilichojulikana ni kwamba mtambo ule wa zamani ulikuwa unahitajika kwingine, kwenye uwanja wa mpira wa mji wa jirani, ambako kulikuwa na mechi kubwa na fununu za fujo. Mafundi walikuwa wameshakuja na lori.

Kalunde alikuwa na asubuhi nzima ya kusema. Alimwogesha mtoto, akamsuka, akamvika gauni la sikukuu, na kila alipoanza kusema alirudi kumnyoosha gauni. Mwishowe alisema tu kwamba wanakwenda kumpokea mtu. Kabula akauliza mtu gani. Akasema mtu wetu.

Waliokusanyika hawakuwa wengi. Mama Tungaraza alikuwapo, amevaa kitenge kipya, nywele zimekuwa nyeupe. Bwana Kisesa alikuja na ufunguo wa Baraza, hakutoa hotuba. Kalunde alimtazama kwa makini kama ataona haya, akaona mtu anayetazama saa yake.

Kijivu kiliondoka mara moja. Sauti ya maji ndiyo iliyotangulia, maji yaliyokuwa yakianguka tangu siku ile, yakalifikia birika. Halafu wakaonekana, wamekaa kama walivyokaa, vitambaa midomoni, mabango mapajani. Hawakujua. Waliona mlango uko wazi, wakaona watu nje, wakadhani mshika mlango amewakasirikia tu na mtambo umegoma. Mmoja akainua bango lake juu zaidi. Kiapo kilikuwa bado kibichi. Walinyamaza wakidai tarehe ya uchaguzi ambao watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiusoma vitabuni.

Mama Tungaraza ndiye aliyeivunja ile hali. Aliingia ndani moja kwa moja akaanguka mbele ya mwanamume ambaye sasa angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akaomboleza kwa sauti ambayo watu husikia msibani tu. Yule mwanamume akamtazama huyu mama mwenye mvi anayemshika miguu. Akashusha kitambaa chake na kuanza kuuliza jambo, na neno halikutoka.

Hapo wote wakaanza kuinuka, na ukumbi ukajaa kelele.

Nyamizi alikuja mlangoni kwa hatua za haraka, kitambaa kimeshaanguka shingoni. Alikuwa na hasira mbichi, ya mtu aliyekosewa sasa hivi. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa pande mbili.

"Mama, umesema hamna mtu," alisema. "Nimekusikia kwa masikio yangu. Umeniona nimekaa humu ukasema—"

Akasimama. Alikuwa ameziona nywele. Akaona mikunjo ya shingo, akaona mkono ulioshika fimbo, na hasira ikamtoka usoni, pasibaki kitu cha kujaza nafasi yake. Alijaribu kucheka kidogo. Akapita nyuma ya mama yake, akamgusa mgongoni pale mbeleko ilipokuwa muda mfupi uliopita, akapapasa kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Kabula yuko wapi? Umemlaza nyumbani? Nipe mtoto, Mama, nimnyonyeshe kwanza, yananiuma, mengine utaniambia baadaye."

Kalunde alisikia mkono wake mwingine ukivutwa kwa chini.

"Mama," alinong'ona Kabula kupitia pengo la meno, akijificha kwenye kanga yake, "huyu dada anatafuta mtoto gani?"

Nyamizi akainamisha macho na kumwona yule msichana. Alitazama paji la uso, akatazama masikio, akatazama kidole gumba cha mguu kilichopinda kidogo kwa ndani, ambacho asubuhi ile alikuwa amekipaka mafuta. Hakulia. Aliinua mikono yake miwili akaibana kifuani, juu ya ule unyevu, akakandamiza kwa nguvu zote, na maziwa yakaendelea kushuka.